Je, Kunyamazisha Ndiko Kuponya?

Ndugu msomaji, lipo swali moja la falsafa ambalo halikai darasani wala halivai joho. Linakaa gereji, chini ya mwembe, kati ya harufu ya petroli na matambara ya grisi. Swali lenyewe ni hili: mtu akiiondoa dalili ya ugonjwa na kuuacha ugonjwa wenyewe ulipo, tena bila kutamka neno hata moja la uongo, je, amedanganya?

Wengi watajibu upesi kwamba ndiyo, amedanganya. Wengine watasema la, kwani kasema nini? Mimi naomba tusiwe na haraka. Kwanza tuinue boneti tutazame ndani.

Mjini Tarime gari la zamani ni jambo la kawaida. Zipo Corolla zenye umri mkubwa kuliko madereva wanaoziendesha, zipo pikapu zilizopigwa rangi mara tatu, zipo Land Rover ambazo kila kitu kimebadilishwa isipokuwa jina. Magari haya hushika barabara ya lami itokayo Musoma kwenda Sirari mpakani, na mengine hupanda Nyamwaga, yakateremka mpaka Nyamongo, yakavuka Mto Mara na kuingia wilaya ya Serengeti hadi Mugumu. Ndani yake hupakia watu, mahindi, mihogo, magodoro, wagonjwa na maharusi. Hakuna anayeyacheka. Bila magari hayo watu wangetembea kwa miguu.

Sasa gari la namna hii likianza kuugua, mara nyingi ugonjwa wake wa kwanza huonekana likiwa limesimama. Dereva kaweka gia huru, katoa mguu kwenye mafuta, anangoja abiria ashuke. Injini inapanda, inashuka, inatetemeka kama mtu mwenye homa ya malaria, halafu puu! Imezima. Mafundi wetu huuita mngurumo huo wa gari lililosimama "sailensa". Basi utasikia: "Fundi, sailensa haitulii." Neno hilo limetoka kwenye ukimya, na ndiyo maana nalipenda, kwani wahenga walishatuambia kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu.

Hebu tuelewe kinachotokea. Injini ya silinda nne ikiwa imesimama hivyo huzunguka kama mara 750 hivi kwa dakika. Kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo silinda zote nne kwa pamoja huwaka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde moja. Mimi na wewe tunasikia mngurumo mmoja, lakini ule mngurumo ni mishindo midogo midogo iliyopangwa mstari. Mmoja ukikosekana, mstari unavunjika na gari zima linatikisika. Ndiko mafundi wanakosema "gari inamisi".

Na kwa nini ugonjwa uonekane gari likiwa limesimama, si likiwa linakimbia? Hapa ndipo jambo lenyewe linaponivutia. Dereva akitoa mguu kwenye mafuta, ule mlango mdogo ndani ya kabureta hujifunga karibu wote. Injini inavuta hewa kidogo sana, na inaivuta kwa nguvu kupitia upenyo mwembamba. Sasa tuseme gasketi ya manifodi imepasuka kidogo, au mpira fulani umechanika ufa usiozidi ukucha. Hewa ya wizi inapita hapo. Kwa kuwa hewa halali yenyewe ni kidogo, hiyo ya wizi inakuwa fungu kubwa, na petroli inazidiwa na hewa. Silinda zinakosa moto. Lakini dereva akikanyaga mafuta, mlango unafunguka, hewa halali inamwagika kwa wingi, na ile ya wizi inakuwa kama tone ndani ya ndoo. Ufa upo palepale. Haujapona. Umefichwa na mwendo.

Naomba usiipite haraka sentensi hiyo, msomaji. Mwendo huficha. Gari lenye ufa linaweza kukimbia vizuri kabisa kutoka Tarime mpaka Sirari, watu wakalisifu, na kumbe ufa umo. Ni pale linapoambiwa litulie ndipo linapojieleza. Nadhani wapo na binadamu wa namna hiyo, ambao hawawezi kukaa peke yao na kimya nusu saa. Lakini hilo tuliache kwa leo.

Tuje kwa fundi. Fundi wa kweli, dereva akimweleza tatizo, hakimbilii bisibisi. Anauliza maswali kama daktari. Lilianza lini? Likiwa baridi au likishapata moto? Mafuta ulijaza wapi? Kuna mtu kaligusa juzi? Halafu anasikiliza. Anachomoa waya wa plagi ya kwanza kwa uangalifu, asipigwe na umeme. Mngurumo ukidhoofika, anajua silinda ile ilikuwa inafanya kazi. Anarudisha, anachomoa wa pili, wa tatu, wa nne. Akichomoa waya na mngurumo usibadilike hata chembe, hapo amempata mvivu, kwani silinda ile haikuwa ikichangia kitu. Anafungua plagi yake anaisoma kama barua. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Nyeupe kama majivu, hewa imezidi. Ina oili, basi ringi au valvu zina habari ya kutueleza.

Haishii hapo. Anaweka mpira mwembamba sikioni, ncha nyingine anaipitisha kandokando ya manifodi, anatafuta mluzi. Ananyunyiza maji kidogo kwenye maungio, na mngurumo ukibadilika ghafla anajua hewa inapitia pale. Anaangalia pointi kama zimeungua, kondensa, na kile kitundu kidogo cha kabureta kinachopitisha petroli ya sailensa, ambacho chembe moja ya mchanga hutosha kukiziba. Nani asiyelijua vumbi la barabara za Serengeti wakati wa kiangazi, ukielekea Ikoma?

Tena, na hili ndilo kubwa, anabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akibadilisha plagi, pointi, kondensa na gasketi kwa mpigo, na gari likapona, hakuna mtu duniani ajuaye kilichoponya ni kipi. Mwenye gari atakuwa amelipia spea nne na kununua ujinga uleule aliokuja nao. Kujua ni kazi ya subira. Haiuzwi dukani kwenye boksi.

Lakini ipo njia ya mkato. Kwenye kabureta kuna skrubu moja ndogo inayouzuia ule mlango usijifunge wote. Ukiizungusha kidogo kwa bisibisi, mlango unabaki wazi zaidi na injini inazunguka kwa kasi zaidi hata ikiwa imesimama. Badala ya mizunguko 750 sasa ni 1,200. Na kama tulivyoona, mwendo huficha. Mtetemeko unapungua. Gari halizimi. Dakika mbili, kazi kwisha.

"Haya bosi, sikiliza hiyo."

"Eeh! Mura, wewe ni fundi bwana! Shilingi ngapi?"

Sasa turudi kwenye swali letu. Fundi huyu kasema nini cha uongo? Kasema "sikiliza", na kweli mwenye gari kasikiliza, na kweli gari linanguruma. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika insha mwaka 1797 akishikilia kwamba kusema uongo ni kosa hata ukimwambia muuaji anayemsaka rafiki yako. Mzee huyo alikuwa mkali kweli kweli! Lakini hata yeye katika insha hiyo anahangaika na neno linalotamkwa. Fundi wetu hakutamka. Amezungusha skrubu tu.

Mimi naona uongo haukai mdomoni peke yake. Fikiria mama anayeuza mahindi sokoni kwa debe. Akajaza mabovu chini, na juu akatandaza mazuri, meupe, yanang'aa. Mnunuzi akauliza bei, akatajiwa, akalipa. Hakuna neno la uongo lililosemwa. Hata hivyo hakuna mtu sokoni pale atakayekubali kwamba mnunuzi hakudanganywa. Kwa nini? Kwa sababu yale mahindi ya juu yaliwekwa pale ili yaseme. Yalipewa kazi ya kumwaminisha mtu jambo ambalo muuzaji anajua si kweli. Kwa mantiki hiyo hiyo, mngurumo mzuri wa gari ni kauli. Mwenye gari ameufanya kuwa shahidi wake, na fundi amemfundisha shahidi kusema uongo.

Hapo pengine msomaji mmoja ananikatiza. "Wewe mwandishi, unakaa na kalamu yako. Huyo dereva ana hesabu ya kupeleka jioni. Watoto wake wanataka ada. Gasketi inauzwa, fedha hana. Fundi afanyeje, amwambie aliegeshe gari afe njaa?"

Pingamizi hili ni zito na silidharau. Umaskini si kisingizio cha kubuni. Isitoshe, kuzungusha ile skrubu si dhambi kwa asili yake. Chukua gari lililorekebishwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, ukalipandisha Tarime, kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, imepungua karibu sehemu moja katika sita. Kabureta ya kizamani haina macho ya kuona hilo. Inaendelea kumimina petroli kana kwamba iko Kariakoo, na sailensa inaharibika ingawa hakuna kilichovunjika. Gari la hivyo linastahili kabisa kurekebishwa kwa bisibisi. Kumbe mkono uleule, skrubu ileile, kuzungusha kulekule, mara moja ni tiba na mara nyingine ni ulaghai. Basi tofauti iko wapi?

Tofauti iko katika mambo mawili: fundi anajua nini, na anasema nini. Anayezungusha baada ya kutafuta sababu na kuona kwamba ni hewa ya huku juu, ametibu. Anayezungusha huku akijua kuna ufa, kisha akasema, "Bosi, hapa nimekushikizia tu, gasketi imepasuka, petroli itakwenda nyingi, ukipata hela rudi," naye hakudanganya. Ameahirisha. Kuahirisha ni haki ya maskini. Lakini anayezungusha kisha akanyamaza, au hata asijue kuna nini kwa kuwa hakutafuta, huyo hakuahirisha kitu. Anayeahirisha anajua kuna deni. Huyu ameificha hata karatasi ya deni. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na tofauti na methali, hapa kifo kinaweza kumuumbua mtu mwingine kabisa.

Naeleza. Kwenye magari mengi kuna mpira mnene unaotoka kwenye manifodi kwenda kwenye lile kopo kubwa la duara linalousaidia mguu wa dereva kukanyaga breki. Kopo lile hufanya kazi kwa mvuto uleule wa hewa wa injini. Mpira huo ukichanika, au ngozi iliyomo ndani ya kopo ikitoboka, hewa ya wizi huingia hapo na sailensa huanza kuyumba, sawasawa na ugonjwa wa gasketi. Fundi makini ana kipimo chepesi. Gari likiwa linanguruma limesimama, kanyaga breki. Mngurumo ukibadilika na mluzi ukasikika karibu na pedali, tazama hapo upesi.

Unaona sasa, msomaji? Mtetemeko ule ambao dereva aliuona ni kero ulikuwa salamu kutoka kwenye breki. Gari lilikuwa likisema kwa lugha pekee iliyo nayo: mguu wako siku moja utakanyaga na hautapata msaada. Halafu akaja bwana mmoja na bisibisi akalifunga mdomo. Gari hilo jioni litajaza abiria, litapanda Nyamwaga, kisha litaanza kuteremka.

Ndani yake amekaa mama mmoja na gunia lake la mihogo, na mtoto mgongoni. Huyu hakuzungumza na fundi. Hakusikiliza "sikiliza hiyo". Hata ile kauli ya kiungwana, "nimekushikizia tu, rudi ukipata hela," haikumfikia yeye. Aliambiwa dereva. Hapa lile jibu langu la kuahirisha linaanza kuchechemea, na sitaki kulificha, maana itakuwa kuzungusha skrubu katika insha. Kumwambia ukweli mwenye gari kunamtosha mwenye gari kwa mali yake mwenyewe. Petroli ikipotea, ni yake. Injini ikifa, ni yake. Lakini hawezi kuahirisha kwa niaba ya mtu ambaye hajui kuna deni. Kwa hiyo nasema: ufa wa gasketi unaweza kuahirishwa kwa neno la kweli, ufa wa breki hauwezi. Hapo fundi anatakiwa kukataa.

"Nikikataa mimi, jirani atakubali." Ndivyo watakavyosema mafundi, na ni kweli jirani atakubali. Lakini kauli hiyo inathibitisha tu kwamba gari litaondoka. Haithibitishi kwamba ni lazima liondoke kwa mkono wako. Tena fundi anayekataa na kueleza sababu mbele ya utingo na watu wanaongojea amefanya jambo ambalo jirani hawezi kulifuta kwa bisibisi: amefanya watu wajue. Pengine mmoja wao atapanda gari jingine. Si ushindi mkubwa. Lakini ni bora kuliko kimya.

Wengine wataniambia mambo haya yamepitwa, kwamba siku hizi magari yaliyotumika Japani yanakuja na kompyuta, hayana kabureta wala skrubu ya kuchezea. Ni kweli, na kompyuta hiyo hurekebisha sailensa yenyewe bila kuombwa. Inaweza kuficha ufa mdogo kwa miezi. Lakini imepewa tabia moja ambayo mafundi wengi hawana: ikizidiwa, inawasha taa kwenye dashibodi na kuandika kumbukumbu ya kilichoisibu. Nasi tumefanya nini? Wapo wanaoifunika taa hiyo kwa kipande cha plasta! Tabia ni ileile. Bisibisi imegeuka plasta.

Na tusidhani ni magari tu. Mara ni mkoa ambao kwa miaka mingi umezoea kusikia habari za mapigano ya koo na wizi wa ng'ombe. Vijana wa koo mbili wakishikana kwa mishale na mapanga, nyumba zikachomwa, wakubwa hufika, askari hufika, na baada ya siku chache tunatangaziwa kwamba hali ni shwari. Nashukuru kwa shwari hiyo, kwa sababu mtu aliye hai ni bora kuliko aliyekufa. Lakini shwari ile ni ya namna gani? Ni ya gasketi iliyobadilishwa au ya skrubu iliyozungushwa? Wakurya wanalo baraza lao la jadi, ritongo, ambamo watu hukaa mbele ya wazee wakasema wazi nani kaiba, nini kimetokea, mpaka uko wapi. Baraza hilo lina kasoro zake kama vyombo vyote vya watu. Hata hivyo lina adabu moja ya gereji njema: linakaa chini, linasikiliza, linachomoa waya mmoja mmoja.

Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa Butiama mkoani humu humu, aliandika mwaka 1962 kijitabu alichokiita "Tujisahihishe", akiwataka wana-TANU wenzake wawe tayari kuyatazama makosa yao na kuyasahihisha. Jina lile lina nafsi ya wingi ndani yake, na hilo nalipenda. Si "mnisahihishe" wala "niwasahihishe". Kwa maana fundi peke yake hawezi kubeba mzigo huu. Anayemlipa fundi kwa dakika mbili za skrubu na kumnung'unikia kwa saa mbili za kutafuta ufa, yeye ndiye aliyeagiza uongo. Tunapenda kulipia spea kwa sababu zinashikika. Kulipia kutafuta, kulipia masikio ya mtu na subira yake, kulipia neno "bado sijajua, niachie mpaka kesho," tunaona ni kuibiwa. Halafu tunashangaa mafundi wa kubahatisha wanatoka wapi.

Jibu langu basi ni kwamba kunyamazisha si kuponya, na kunyamazisha bila kusema ni kudanganya hata kama midomo imefungwa. Sijui kama fundi ninayemfikiria atakubaliana nami, maana jioni anahitaji unga. Ila wewe msomaji, kesho asubuhi ukiwa umekaa kwenye siti ya nyuma, gari limesimama kungojea abiria wa mwisho na linanguruma vizuri mno kwa umri wake, hutakuwa umemkosea mtu ukimuuliza dereva: "Samahani kaka, hii sailensa ilitengenezwa, au ilipandishwa?"